Bati la pinki, sakafu yenye mistari: jibu kwa mchora ramani wa Mafinga

Swali:

"Kamwene mwalimu, shikamoo. Niko Mafinga, nachora ramani za nyumba na kuwaonyesha wateja picha ya nyumba itakavyokuwa ikiisha. Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5-3470, RAM 4, Windows 10. Blender, programu ninayotengenezea picha hizo, toleo jipya lilikataa kufunguka, likasema kadi ya michoro haifai. Fundi amepiga Windows mara tatu. Mara ya tatu hata Blender ya zamani, 3.6, ikakataa, na maandishi kwenye skrini yakawa makubwa makubwa. Fundi wa pili akaweka faili moja la dll. Sasa inafunguka, ila nikizungusha nyumba naweza kwenda kuchemsha chai nikarudi bado inazunguka. Picha zikitoka, bati ni la pinki, sakafu ina mistari myeusi, ukutani kuna chengachenga. Mara nyingine kompyuta inazimika katikati ya kazi. Fundi wa tatu anasema monita imekufa. Juzi mteja kaiona picha kwenye simu yake akacheka. Ninunue kompyuta nyingine?"

Jibu:

Kamwene, marahaba mdogo wangu. Monita usinunue. Kompyuta nayo usinunue, walau si mwezi huu.

Nimehesabu kwenye barua yako magonjwa matano, na hayana undugu. Yote yametibiwa kwa dawa moja, kupiga Windows. Mafundi tunaipenda dawa hiyo kwa sababu haidai uulize kilichoharibika. Unafuta, unaweka upya, unalipwa. Kwako imeshindwa kuponya hata ugonjwa mmoja, na juu yake imekuongezea mwingine.

Tuanze na monita, maana hapo ndipo pesa ingetoka bure. Umesema mwenyewe kwamba mteja aliiona picha kwenye simu yake akacheka. Simu yake haijaunganishwa na monita yako. Kama kasoro imesafiri na faili hadi mkononi mwa mtu mwingine, basi imo ndani ya picha, na monita inasingiziwa. Siku nyingine ukiwa na shaka, bonyeza Print Screen, bandika kwenye Paint, hifadhi, tuma kwenye simu yako. Kasoro ikionekana simuni, tafuta kwenye programu au draiva, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuitumia kadi ya michoro. Simuni ikiwa safi, hapo ndipo ushike kebo na monita.

Sasa kufunguka. Blender mpya ilipokukatalia mara ya kwanza, ilikuwa inasema kweli. Programu hii huongea na kadi ya michoro kwa lugha iitwayo OpenGL, na kuanzia toleo la 4.0 la Novemba 2023 inadai OpenGL 4.3. Prosesa yako ni ya kizazi cha tatu, ndiyo maana namba yake imeanza na 3, ya mwaka 2012. Kadi iliyomo ndani yake ni Intel HD Graphics 2500, na kwenye Windows inaishia OpenGL 4.0. Hata fundi akipiga Windows mara thelathini, haitapanda kutoka 4.0 kwenda 4.3.

Toleo la 3.6 linadai 3.3 tu, kwa hiyo lilipaswa kufunguka. Kwa nini nalo lilikataa? Jibu umelipitia haraka kwenye sentensi moja: maandishi yakawa makubwa makubwa. Hiyo ni alama ya kompyuta isiyo na draiva ya kadi ya michoro. Fundi alipopiga Windows mara ya tatu hakuiweka, nadhani hata intaneti hakuiunganisha. Windows ikikosa draiva hutumia ya dharura, ambayo inatosha kuonyesha madirisha na kusoma barua. Kwa upande wa OpenGL ile ya dharura inajua toleo 1.1 tu. Blender ya zamani ikauliza, ikajibiwa 1.1, ikakataa. Ujumbe kwenye skrini unafanana sana na ule wa kwanza, ndiyo maana mlidhani ni tatizo lilelile.

Hakikisha hivi. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, ndiyo ile ya dharura. Unganisha intaneti, ingia Windows Update, iache itafute. Kwa kadi za umri huo mara nyingi huleta draiva yenyewe. Isipoileta, chukua kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kuandika namba ya modeli iliyo kwenye stika ya sipiyu, lile boksi la kompyuta. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Ukiwasha upya utaona mwenyewe, maandishi yatarudi udogo wake na skrini itapumua.

Usifungue Blender bado. Kuna lile faili la dll.

Fundi wa pili sitamtukana, maana alichofanya kina mantiki yake na mimi mwenyewe nimewahi kukifanya. Bila shaka faili lile linaitwa opengl32.dll, na ameliweka ndani ya folda ya Blender. Kazi yake ni kuigiza kadi ya michoro. Blender ikiuliza "una OpenGL ngapi?", faili linajibu namba inayotakiwa, kisha kazi yote ya kuchora linampa prosesa. Ni sawa na kumpa mhasibu jembe. Atalima, lakini ndiyo unakwenda kuchemsha chai. Na kwa kuwa faili hilo limekaa mbele ya draiva halisi, hata ukiweka draiva leo, Blender itaendelea kuongea na mwigizaji.

Kwa hiyo folda hiyo ya Blender ifute nzima. Lakini kwanza kazi zako, yaani mafaili ya .blend, nakili kwenye flashi, maana faili lililohifadhiwa na toleo jipya likifunguliwa na la zamani huweza kupoteza vitu njiani. Kisha pakua 3.6 upya kutoka blender.org. Blender ni ya bure kabisa, haina kraki wala namba ya siri, kwa hiyo hakuna sababu ya kuichukua kwenye tovuti nyingine yenye vitufe vya kijani vinavyometameta. Chukua ile ya zip. Haihitaji kusakinishwa, unaifungua kwenye folda, unabofya blender.exe, basi.

Faili lenyewe ni mamia ya megabaiti, na najua bando linavyokata katikati. Faili lililokatika huleta vituko: inafunguka nusu, au inalalamika kwamba kuna kitu hakipo, na wewe unadhani ni kompyuta. Palepale unapopakulia pana orodha ya alama za sha256, ambazo ni kama alama ya kidole ya kila faili. Fungua Command Prompt ndani ya folda yenye zip, andika certutil -hashfile, ukifuatisha jina la faili, kisha SHA256. Itakutolea mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Linganisha sita za mwanzo na sita za mwisho na ule wa kwenye tovuti. Zikipishana, pakua tena usiku.

Kama fundi aliliweka lile dll ndani ya System32 badala ya folda ya Blender, hapo kweli alikosea, maana faili la Windows lenye jina hilohilo linakaa humo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, uiache imalize. Hurudisha mafaili ya asili ya Windows bila kugusa kazi zako.

Ukishafungua Blender safi, nenda Help, chagua Save System Info. Itahifadhi faili la maandishi. Lifungue, tafuta mstari wa renderer. Ukisoma jina la Intel HD Graphics, umepona. Ukisoma neno llvmpipe, mwigizaji bado yumo, mtafute tena.

Bati la pinki ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalowatia watu aibu mbele ya wateja. Pinki ile kali si rangi. Ni Blender inakwambia: niliambiwa nivishe hapa picha ya bati la msauzi, nimekwenda ilipokuwa, sijaikuta. Faili la .blend kwa kawaida halibebi picha za kuvishia. Linabeba anwani tu, kwamba bati liko kwenye folda fulani, kwenye diski fulani. Windows ilipopigwa, folda ya Desktop ikafutwa. Au picha zipo kwenye flashi, ila jana flashi ilikuwa E na leo ni F. Anwani imebaki, mwenye nyumba kahama.

Kama picha bado unazo popote pale, nenda File, kisha External Data, kisha Find Missing Files, uioneshe folda. Itazirudisha zenyewe ilimradi majina hayajabadilika. Zikishakaa, hapohapo kwenye External Data bonyeza Pack Resources, halafu hifadhi. Kuanzia hapo picha zitasafiri ndani ya faili lenyewe. Faili litanenepa, lakini unaweza kulipeleka hadi Songea likafunguka na bati lake. Kama zilifutika, hakuna ujanja, zitafute upya.

Ukizitafuta, usichukue kubwa kwa tamaa. Picha ya jpg unaiona ina megabaiti tatu kwenye diski ukafurahi, lakini ikiingia kwenye kumbukumbu inafunguliwa yote. Piseli 4096 kwa 4096, kila piseli baiti nne, ni megabaiti 64. Visha tailizi, bati, tofali, mbao, majani na anga kwa ukubwa huo, kisha uangalie RAM yako ya GB 4 ambayo Windows imeshakula karibu nusu. Ya 2048 inakula 16 tu. Ukuta wa jirani unaoonekana kwa mbali, hata 1024 inautosha. Na kwa kadi kama yako, ambayo haina kumbukumbu yake na inaazima kwenye hiyohiyo RAM, hapa si mahali pa kujionyesha.

Mistari myeusi sakafuni: nina hakika umeweka tailizi na zege kwenye kimo kilekile. Ukichora slabu, ukanakili uso wake wa juu ukauvisha tailizi, sasa una nyuso mbili mahali pamoja. Kompyuta inapouliza kipi kiko mbele, hesabu inatoa sare, na kila piseli inajiamulia. Ni abiria wawili wenye tiketi ya siti moja. Basi linafika Makambako bado wanabishana. Kwenye skrini huonekana kama michirizi inayochezacheza ukizungusha nyumba, na kwenye picha iliyorendwa, yaani iliyotolewa kamili, na Cycles, injini ya Blender ya kutolea picha, hutoka mabaka au mistari myeusi. Inua tailizi sentimita moja, ambayo hata kwenye ujenzi wa kweli ndiyo unene wake. Ikiwa ramani imetoka kwenye programu nyingine ya kuchorea, huenda kuta zimejirudia pia: ingia Edit Mode, chagua vyote, bonyeza M, kisha By Distance. Itakuambia imeondoa pointi ngapi. Nimewahi kuona nyumba ya vyumba vitatu ikiondolewa pointi elfu kadhaa, na mwenyewe alikuwa anashangaa kwa nini faili lake zito.

Michirizi ikibaki kwenye skrini tu, wakati picha ikirendwa inatoka safi, bonyeza N, fungua View, tazama Clip Start na End. Ukiiambia Blender ione kuanzia milimita moja hadi kilomita mia, inakosa shabaha. Kwa nyumba, sentimita 10 hadi mita 1000 inatosha.

Chengachenga si ugonjwa, ni haraka. Cycles inapiga picha kwa kurusha miale ya mwanga kwa bahati nasibu na kuona inapogonga. Miale ikiwa michache, ukutani panabaki chenga kama runinga ya zamani isiyo na antena. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja dogo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa miale mingi haifiki kabisa kwenye mwanga. Ukiamua kuongeza tu, ujue hesabu yake: kupunguza chenga kwa nusu kunadai miale mara nne. Kwa prosesa yako utafika asubuhi. Weka Max Samples kama 250, kisha weka tiki kwenye Denoise chini yake. Hiyo husafisha chenga zilizobaki. Ukutani hutoka vizuri sana. Kwenye majani ya miti hulainisha kidogo, lakini mteja anatazama sebule.

Punguza na ukubwa. Picha ya kuonwa simuni, 1920 kwa 1080 yatosha, ni piseli milioni mbili na kitu. Picha ya kuchapa A3 kwa dpi 300 ni 4961 kwa 3508, zaidi ya milioni 17, yaani kazi mara nane na ushee. Irende hiyo mara moja tu, siku mteja amekubali na amelipa kianzio. Na ukimtumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, vinginevyo inabanwa njiani na bati lako la msauzi linafika kama turubai.

Kuzimika katikati. Hapa nauliza swali la Mafinga: ofisi yako iko mbali kiasi gani na mashine ya mbao? Mji mzima unaishi kwa miti ya Sao Hill, na unga wa mbao ni laini kuliko vumbi la barabarani. Unaingia sipiyu, unashikana na mafuta ya feni, unakaa kati ya mapezi ya kipoozeo kama blanketi. Ukiandika barua tu, prosesa haifanyi kazi kubwa, hutaona kitu. Ukirenda, viini vyote vinne vinafanya kazi kwa ukomo, joto linapanda hadi karibu nyuzi 100, na kompyuta inajizima ili isiungue. Baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba haikuokoi, maana hewa baridi haipiti.

Dalili ya joto ni kwamba inazimika baada ya muda unaofanana, dakika kumi na tano au ishirini, na ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi. Ikizimika pamoja na taa kufifia, hiyo ni ya umeme, tafuta UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Kwa joto: zima, chomoa, fungua ubavu, chukua brashi ya rangi mpya, safisha kipoozeo ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke. Kama paste ya kupitisha joto iliyo chini ya kipoozeo ni ya tangu kiwandani, imeshakauka kama chokaa, badilisha. Na kwenye Blender, Performance, Threads, chagua Fixed uweke 3 badala ya 4. Picha itachelewa kidogo, lakini itaisha, na kiini kimoja kitakubakia wewe wa kujibia wateja.

Ukija kutengeneza video ya kutembea ndani ya nyumba, usirende video moja kwa moja. Renda picha za PNG moja moja, uondoe tiki ya Overwrite. Sekunde 20 ni picha 500 kwa kasi ya 25. Umeme ukikatika kwenye picha ya 312, ukirudi unaendelea pale ulipoachia. Ukiwa ulirenda video, faili lote limekufa.

Ununue nini basi? RAM kwanza, ya DDR3, ifike 8 au zaidi. Hiyo utaiona siku hiyohiyo. Kadi ya michoro baadaye, ukitaka Blender mpya. Tazama kama sipiyu yako ni nyembamba. Zile nyembamba zinataka kadi fupi isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni. Kadi ya GT 1030 inakula wati 30 hivi na ina OpenGL 4.6, itafungua toleo jipya na kuzungusha nyumba bila chai. Kurenda haitakuongezea mengi, nisikudanganye. Dai ile yenye kumbukumbu ya GDDR5, kwa kuwa ya DDR4 ina jina lilelile na ni goigoi. Kabla ya kulipa, muuzaji aichomeke na kufungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, mbele yako, maana sokoni kuna kadi za zamani zilizobandikwa majina ya mpya, na programu hiyo huziandikia FAKE palepale kwenye jina. Mimi niliwahi kununua moja nikaitambua nikiwa nimeshafika nyumbani.

Siku ukiiweka, kebo ya monita uihamishe. Kuna kijana alibeba sipiyu kwenye basi kutoka Tunduma hadi kwangu Mwanjelwa, Mbeya, analalamika kadi mpya haijabadilisha chochote. Kebo alikuwa ameiacha palepale pa zamani, kwenye tundu la ubao mama. Nilichomoa, nikachomeka sentimita kumi chini yake, tukanywa chai, akawahi basi la saa tisa.